Maneno Yavaliwayo: Hirizi, Kago na Kanga katika Msamiati wa Kinga

Utangulizi

Maneno ya Kiswahili husemwa, huandikwa, huimbwa. Na tena huvaliwa. Mtoto wa mwambao aliyefungwa hirizi mkononi amevaa maneno, na mama yake aliyejitanda kanga amevaa maneno vilevile. Ya mtoto yameshonewa ndani ya ngozi wala hapana ayasomaye. Ya mama yamepigwa chapa waziwazi, na kila apitaye huyasoma. Wote wawili wamejikinga, na aghalabu wanajikinga na adui mmoja, naye ni hasidi.

Makala haya yanaeleza msamiati ambao Waswahili wameuweka kwa ajili ya kinga ya namna hii: asili ya maneno yenyewe, mipaka baina yake, na vitenzi vinavyoandamana nayo. Hoja kuu ni kwamba hirizi, azima, talasimu, kago, zindiko na fingo si visawe, ingawa mara nyingi huelezwa kana kwamba ni kitu kimoja. Jambo hili si la wanakamusi peke yao. Sheria ya Uchawi ya Kenya, iliyotungwa na serikali ya kikoloni mwaka wa 1925, ilimfanya mkosaji mtu apatikanaye na kitu kitumiwacho katika uchawi kwa nia ya kumtia mwenzake hofu, kumuudhi au kumdhuru. Pindi maneno ya Mswahili yanapofasiriwa mbele ya hakimu kwa neno moja tu la Kizungu, tofauti ya kujilinda na kudhuru inaweza kupotea ulimini mwa mkalimani.

Asili ya maneno

Msamiati wa kinga una matapo mawili makubwa. Tapo la kwanza ni la Kibantu. Kutokana na kitenzi 'kaga', yaani kulinda kitu kwa dawa, limepatikana jina 'kago'. Na kutokana na 'zindika' limepatikana 'zindiko'. Njia hii ya kuunda jina kwa kiambishi -o ndiyo iliyotupa 'pigo' kutoka 'piga' na 'fumbo' kutoka 'fumba'. Jina 'kinga' nalo limekaa kandokando ya kitenzi chake bila ya kubadili umbo. Majina haya, basi, yanataja tendo: humwambia msikilizaji kile kilichofanywa, wala hayamwambii kimefanywa kwa kitu gani. Kago laweza kuwa kitambaa, pembe au kibuyu. Kinacholifanya kuwa kago ni kule kukagwa.

Tapo la pili ni la Kiarabu. 'Hirizi' imetokana na 'hirz', neno lenye shina la kuhifadhi na kulinda. Kiarabu huruhusu konsonanti mbili kufuatana mwishoni mwa neno. Kiswahili hakiruhusu, ndipo irabu zikatiwa ili kila silabi ifunguke. Njia ni ile ile iliyopitwa na 'rizq' hata ikawa 'riziki'. 'Talasimu' ina safari ndefu zaidi, kwani Kiarabu chenyewe kiliichukua kutoka Kiyunani, na lugha kadhaa za Ulaya zina neno la asili hiyo hiyo. 'Azima' nayo inahitaji uangalifu. Azima hii ya kinga haina udugu wowote na kitenzi cha Kibantu 'azima', yaani kupa au kupokea kitu kwa muda. Udugu wake uko na 'azimu' na 'azimio', kwa kuwa shina lake la Kiarabu lina maana ya kukaza nia. Mtu atungaye azimio na mtu aandikaye azima wanachota katika kisima kimoja.

Mahali pa kinga

Maneno haya hutengana pia kwa mahali kinga inapowekwa. Hirizi ni ya mwili: hufungwa mkononi, shingoni au kiunoni. Kago aghalabu ni la mali: huwekwa shambani au mtini ili mwivi aogope. Zindiko laweza kuwa la mtu, lakini pia la nyumba au la mji mzima. Fingo ni ya ardhini, huzikwa. Katika makaya ya Mijikenda, ambayo misitu yake iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka wa 2008, fingo ilizikwa kuwa kinga ya kaya yote, si ya mtu mmoja mmoja. Anayeifasiri fingo kwa neno lile lile analolitumia kwa hirizi ya mtoto amechanganya mali ya umma na ya nafsi, na amechanganya kitu kisichoondoshwa mahali pake na kitu kiendacho popote aendapo mwenyewe.

Mtoto mchanga wa mwambao huonyesha vizuri jinsi kinga za mwilini zinavyoweza kukaa pamoja bila ya kuchanganyika. Huweza kutiwa wanja katika paji la uso ili jicho la husuda lisimpate, akafungwa mvuje ndani ya kitambaa cheusi, na juu ya hayo akavishwa hirizi. Wanja ni alama, mvuje ni dawa yenye harufu kali, na hirizi ni maandishi. Wenyeji huviita kila kimoja kwa jina lake.

Kuandikiwa na kuvaa

Ndani ya hirizi ya mwambao kuna karatasi iliyoandikwa na kukunjwa. Yaandikwayo sana ni aya za Kurani, hasa Aya ya Kursiyu, ambayo ni aya ya 255 ya sura ya pili, pamoja na sura mbili za mwisho, ya 113 na ya 114, ambazo zote mbili ni za kutaka hifadhi kwa Mungu. Huenda yakaongezwa majina ya Mwenyezi Mungu, au miraba ya tarakimu. Miraba hiyo inategemea hesabu ya abjadi, ambamo kila herufi ya Kiarabu ina thamani yake: alifu ni 1, be ni 2, jimu ni 3, dali ni 4. Mraba mashuhuri una vyumba tisa vyenye tarakimu 1 hadi 9, nazo zikijumlishwa kwa safu, kwa nguzo au kwa mshazari, jawabu huwa 15. Pembe zake nne hukaa 2, 4, 6 na 8, ambazo kwa abjadi ni herufi nne zinazosomwa 'baduhi'. Elimu ya namna hii imeenea katika nchi za Kiislamu kwa vitabu kama Shamsu 'l-Maarifa, kinachonasibishwa kwa Ahmad al-Buni wa Afrika ya Kaskazini. Kwa hesabu hiyo hiyo, Bismillahi yote hujumlishwa kuwa 786, na tarakimu hiyo peke yake hupachikwa juu ya vitu badala ya maneno.

Vitenzi viandamanavyo na hirizi vina mengi ya kufunza. Kwa kawaida mtu hasemwi kwamba ameiandika hirizi yake. Husemwa kuwa 'ameandikiwa'. Kauli hii ya kutendewa inadhihirisha kwamba pana watu watatu katika jambo: anayeandika, ambaye aghalabu huitwa mwalimu, anayeandikiwa, na yule ambaye kwa ajili yake kinga imetakiwa, naye hatajwi. Baada ya kuandikwa, hirizi hushonwa, kisha huvaliwa. Kusomwa hakumo katika safari yake. Maneno yaliyomo hayangojei msomaji. Yanafanya kazi kwa kugusana na mwili.

Jambo hilo hilo linaonekana katika 'kombe'. Aya huandikwa kwa zafarani katika sahani, maandishi yakaoshwa kwa maji, na maji hayo akanywa mgonjwa. Jina la chombo limekuwa jina la dawa, na kitenzi ni 'kunywa kombe'. Hirizi ni maneno yavaliwayo nje ya mwili. Kombe, yaweza kusemwa, ni maneno yavaliwayo ndani yake.

Kwa upande mwingine, kitenzi 'funga' kina hatari yake. Mtu hufunga hirizi mkononi mwake, na hilo ni kujilinda. Lakini 'kumfunga mtu' ni kumroga asiendelee. Tofauti yote imo katika kiambishi cha mtendwa. Mkalimani asiyeisikia vema ile -m- aweza kumgeuza mlinzi kuwa mchawi.

Kanga: maneno ya wazi

Tangu mwanzoni mwa karne ya 20 kanga zilipoanza kuandikwa, kwanza kwa herufi za Kiarabu na baadaye kwa za Kirumi, mwanamke wa mwambao amekuwa na namna nyingine ya kuvaa maneno. Jina la kanga, kama yaitwavyo maandishi yake, huwa methali, dua, pongezi au kijembe. Mengi kati yake yanahusu husuda, na miongoni mwa yanayojulikana mno ni methali isemayo 'Hasidi hana sababu'.

Hapa ndipo hirizi na kanga zinapokutana. Sura ya 113, ile iandikwayo katika hirizi, inakoma kwa kutaka hifadhi na shari ya hasidi. Neno 'hasidi', basi, limo ndani ya ngozi ya hirizi kwa Kiarabu, na limo katika pindo la kanga kwa Kiswahili. Adui ni yule yule. Kilichobadilika ni anayeambiwa. Hirizi humwelekea Mungu na viumbe visivyoonekana, ndiyo maana yaweza kufunikwa. Kanga humwelekea jirani, ndiyo maana isiposomwa haifanyi kazi. Na kanga ina ulinzi wa pili ambao hirizi haina: mwenye kuivaa akiulizwa amemkusudia nani, aweza kujibu kwamba amenunua nguo tu. Haifai kudai kwamba kanga ni hirizi. Mvaaji haidhanii kuwa na nguvu ya ghaibu. Lakini zote mbili zimejengwa juu ya itikadi moja kuhusu lugha, kwamba neno likikaa mwilini humlinda mwenye mwili.

Mabishano na mipaka

Haifai kudhaniwa kuwa Waswahili wote wamekubaliana juu ya hirizi. Wanachuoni wa Kiislamu wamehitilafiana tangu zamani: wako wanaoruhusu iliyoandikwa aya tupu, na wako wanaokataza kuvaa chochote kwa nia hiyo. Katika karne ya 20 wanachuoni wa mwambao walioandika dhidi ya bidaa waliupa mjadala wa mila za namna hii lugha ya Kiswahili, na kwa hivyo msamiati wa kinga ukawa pia msamiati wa mabishano ya dini.

Isitoshe, asili ya neno haitoshi kulifunga. Leo kuna hirizi za mapenzi na za biashara, ambazo hazilindi bali huvuta. Na katika sehemu za bara 'hirizi' ni chochote kifungwacho mwilini, kiwe na maandishi au kiwe na mizizi. Neno 'kinga' limekwenda mbali zaidi, hata likawa istilahi ya tiba ya kisasa, kama inavyoonekana katika UKIMWI, yaani Upungufu wa Kinga Mwilini. Matumizi haya yote ni ya haki, na kamusi haina budi kuyaandika. Lakini iyaandike kila moja kwa nafasi yake.

Hitimisho

Tangu kamusi ya Krapf ya mwaka wa 1882 hadi ile ya Johnson ya mwaka wa 1939, maneno ya Kiswahili yalielezwa kwa lugha ya kigeni, na msamiati wa kinga ulibanwa na uchache wa maneno ya lugha hiyo. Kamusi za Kiswahili kwa Kiswahili, kama ile ya Kiswahili Sanifu ya mwaka wa 1981, hazina udhuru huo. Kwa kila neno la tapo hili inafaa maelezo yajibu maswali manne: kinga ina maandishi au haina? Huwekwa mwilini, kwenye mali au ardhini? Huandaliwa na mwalimu au na mganga? Na huvuta, hulinda au hudhuru? Majibu yake yamo tayari vinywani mwa wasemaji. Mtu aliyeandikiwa hirizi ya kumkinga mwanawe anastahili kuwa na kamusi, na mkalimani, wa kulisema hilo kama lilivyo.