Kambale yupi? Kutafuta kazi wakati jina lako linachafuliwa na mwingine

Wiki chache baada ya Pasaka, kijana mmoja wa parokia yetu hapa Butembo alikuja kuniona nyumbani jioni. Nitamwita Kambale. Kwa kumwita hivyo sifichui kitu: ndilo jina lake kweli, na ni jina la maelfu ya wanaume toka Lubero hadi Oicha.

Kambale alikuwa ameomba kazi ya kutunza depo kwenye shirika moja la misaada kule Beni. Alishinda mtihani wa kuandika. Akaitwa kwa mahojiano, na yakaenda vizuri. Kisha kimya cha wiki tatu. Mwishowe rafiki yake anayefanya kazi humo akamnong'oneza: "Waliweka jina lako kwenye Google. Wakaona mambo ya feza za wamama."

Feza gani? Kambale hakuelewa. Alikwenda kutafuta mwenyewe kwenye simu, akakuta kwenye Facebook habari za mwanaume mwingine mwenye jina la ubatizo kama lake, pamoja na jina Kambale. Watu walikuwa wakimshitaki kwamba alikimbia na akiba ya kikundi cha wamama wa soko. Picha ilikuwa ya giza, mtu amevaa kofia, huwezi kutambua sura. Chini yake, matusi kwa mamia.

"Papa Mchungaji," aliniuliza, "nitajitetea namna gani kwa kosa ambalo hakuna mtu ameniuliza juu yake?"

Niungame mbele yenu jambo moja. Neno la kwanza lililotoka kinywani mwangu lilikuwa hili: "Una hakika si wewe?" Mimi ndiye niliyembatiza. Namjua zaidi ya miaka kumi. Na bado, kwa sababu ya herufi chache kwenye simu, nilimwuliza hivyo. Ikiwa mchungaji wake alifanya hivyo, tumlaumu sana mtu wa ofisi ambaye hajawahi kumwona?

Tangu jioni ile nimeongea na vijana wengine, nikaona kwamba shida hii inagusa wengi kwetu kuliko mahali pengine. Ina sababu zake, na inafaa tuzielewe.

Kwa nini sisi tunafanana majina

Kwetu Wanande jina la kwanza halichaguliwi sana. Linafuata namna mtoto alivyozaliwa. Mvulana wa kwanza mara nyingi ni Paluku, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka, wa nne Kakule, wa tano Katembo, wa sita Mbusa. Msichana wa kwanza ni Masika. Jinsia ikibadilika baada ya watoto wa jinsia moja, anayekuja anaitwa Muhindo. Kuna tofauti kidogo toka ukoo hadi ukoo, lakini mpango ni ule ule. Ni urithi mzuri: ukisikia jina la mtu, unajua tayari nafasi yake kati ya ndugu zake. Na ukivuka mpaka kule Kasindi, utakuta ndugu zetu Wakonzo wa Uganda wana majina hayo hayo kwa matamshi yao: Baluku, Bwambale, Masereka.

Hebu hesabu sasa. Kila nyumba yenye wavulana wawili ina nafasi ya kuwa na Kambale mmoja. Katika mji kama Butembo, ni Kambale wangapi? Ongeza majina ya ubatizo tunayopenda wote, yale ya mitume na manabii. Watu wengi watakutana kwenye majina mawili yale yale bila kuwa na uhusiano wowote.

Wazee wetu walijua shida hiyo, ndiyo maana waliongeza jina lingine, mara nyingi la babu au la mtu mheshimiwa wa ukoo. Halafu ikaja siasa. Tarehe 27 Oktoba 1971 nchi ikaitwa Zaire, na mwanzoni mwa 1972 Mobutu akaacha jina la Joseph-Désiré na kukataza majina ya ubatizo ya kigeni. Wazazi wetu wakaweka mbele majina ya kiasili, na neno *postnom* likaingia kwenye karatasi zetu zote. Utawala wake ulipolegea, majina ya ubatizo yakarudi. Hivyo leo wengi wetu tuna majina matatu: jina, postnom na jina la ubatizo. Na kwa kuwa kwetu mtoto halazimiki kubeba jina la baba yake, ndugu wa tumbo moja wanaweza kutofautiana kabisa kwenye karatasi.

Tatizo ni kwamba katika maisha ya kila siku tunatupa jina lile lile ambalo lingetutofautisha. Kambale wetu aliandika kwenye sivi yake majina mawili tu. "Lile la babu ni refu," alisema. Lakini lile la babu ndilo lingemwokoa.

Mashine haijui mtu, inajua herufi

Ukiandika jina kwenye Google, mashine haitafuti mtu. Inatafuta herufi zinazofanana na inaweka juu kile ambacho watu wamekifungua na kukisambaza sana. Kwa kuwa kashfa inasambazwa kuliko wema, mwizi mmoja anaweza kufunika Kambale mia wanaolima, wanaofundisha na wanaoimba kwaya.

Kuna pia namna nyingine ya kuchunguza, nayo ni nzito zaidi. Mashirika mengi yanayopata feza toka nje yanatakiwa na wafadhili kulinganisha jina la kila mfanyakazi na orodha za watu waliowekewa vikwazo na Umoja wa Mataifa, Marekani au Ulaya. Sisi wa Beni tunajua kwa nini orodha hizo zipo. Tangu Oktoba 2014 tumezika watu wetu waliouawa na ADF. Kiongozi wa kundi hilo, Musa Baluku, aliwekewa vikwazo na Marekani Desemba 2019, na Umoja wa Mataifa Februari 2020. Hilo ni haki. Lakini Baluku ndiyo Paluku kwa matamshi ya Kikonzo: jina la mvulana wa kwanza wa nyumba nyingi sana pande zote mbili za mlima Ruwenzori. Programu ikionyesha kwamba majina yanafanana, haijasema bado kwamba huyu ndiye yule. Inasema tu: hapa kuna mfanano, mtu aangalie tarehe na mahali pa kuzaliwa. Mtu wa ofisi akichoka, au akiogopa, anaruka hatua hiyo na kuchukua dosie inayofuata.

Na si kazi tu inayoweza kupotea. Katika eneo ambalo kuna watu waliouawa na umati kwa shuku peke yake, jina linalorushwa kwenye WhatsApp bila uhakika ni kama jiwe linalorushwa gizani.

Biblia imejaa watu wa jina moja

Tukifungua Maandiko tunakuta shida hii hii. Siku za Bwana Yesu majina ya Wayahudi yalikuwa machache na watu walikuwa wengi. Kuna Simoni Petro, Simoni Zelote, Simoni wa Kirene, Simoni mkoma wa Bethania, Simoni mchawi wa Samaria. Katika Matendo, Anania wa sura ya 5 anaanguka na kufa kwa sababu ya uongo juu ya feza. Sura nne baadaye, Anania mwingine kule Dameski anatumwa kumwekea Sauli mikono. Fikiri kama Sauli angesema: "Nimesikia habari za Anania na feza zake, asiniguse!"

Nampenda zaidi mtume yule anayetajwa katika Yohana 14:22. Naye ni Yuda. Anauliza swali moja zuri, na mwandishi wa Injili anakimbilia kutuonya kwamba huyu siye Iskariote. Hatujui mengi juu yake, lakini Yohana hakukubali aende bila ushuhuda huo mfupi. Alitumia maneno machache kulinda jina la ndugu yake.

Na tazama Matendo 10. Malaika anapomtuma Kornelio, hasemi tu: mwite Simoni. Anatoa jina, jina la pili Petro, mji wa Yafa, jina la mwenye nyumba ambaye naye ni Simoni, kazi yake ya ngozi, na mahali nyumba ilipo, kando ya bahari. Ikiwa malaika wa Mungu aliona vema kutoa maelezo yote hayo ili watu wasikosee mlango, sisi ni nani tuandike majina mawili tu?

Wengine mmesoma pia kwamba hati fulani za kale za Mathayo 27 zinamwita Baraba "Yesu Baraba". Kama ndivyo, basi Pilato aliuliza umati uchague kati ya watu wawili wenye jina moja. Mwokozi wetu mwenyewe amejua maana ya kusimama karibu na mtu wa jina lake mwenye sifa mbaya, na kupewa adhabu ambayo mwingine aliistahili.

Cha kufanya

Kwa vijana wanaotafuta kazi, nasema haya.

Andika majina yako yote matatu, kwa mpango ule ule na herufi zile zile, kwenye sivi, barua, diploma na kadi ya mpiga kura. Ongeza tarehe na mahali pa kuzaliwa. Usibadilishe jina kienyeji ili kukimbia kashfa: Sheria ya Familia ya 1987, iliyorekebishwa 2016, inataka ruhusa ya tribinali na sababu ya haki. Tena karatasi zisizolingana zitakuletea shuku mpya.

Tafuta jina lako mwenyewe kwenye intaneti kabla mwingine hajalitafuta. Ukikuta jambo baya la mtu mwingine, liseme mapema na kwa ufupi: "Kuna mtu mwingine mwenye jina kama langu, mimi nimezaliwa mahali fulani, tarehe fulani, na hawa wananifahamu." Ambatanisha picha, cheti cha mwenendo mwema toka komine, na namba za watu watatu wanaokujua. Sheria ya dijitali ya Machi 2023 inampa mtu haki ya kuomba habari zisizo sahihi juu yake zisahihishwe, lakini haitafuta habari za mtu mwingine kwa sababu tu mnaitwa sawa. Kwa hiyo ushuhuda wa watu bado ndio silaha yako.

Kwa ndugu zetu wanaoajiri, wengi wao ni washiriki wa makanisa yetu: kabla ya kuondoa dosie, muulizeni mwenyewe. Simu moja inatosha. Musa aliamuru kwamba neno lithibitishwe kwa mashahidi wawili au watatu. Mashine moja haifiki hesabu hiyo.

Kwa sisi wachungaji: Paulo alimwandikia Fibi barua ya utambulisho katika Warumi 16, akitaja kanisa lake la Kenkrea na kazi aliyoifanya. Barua zetu nyingi zinasema tu kwamba mtu fulani ni mkristo mwema. Hiyo haisaidii. Tuandike tunachokijua: amekuwa nasi tangu mwaka gani, alitunza sanduku gani, alitoa hesabu kwa nani. Na tusiandike tusichokijua, maana barua ya uongo inaharibu zote za kweli.

Na yule Kambale mwingine?

Kijana wetu alitaka kuandika kwenye Facebook: "Mimi si yule mwizi." Nilimwomba aandike tofauti. Yule mtu hatujui kama alihukumiwa popote. Labda aliiba, labda hakuiba. Wale wamama, kama kweli walipoteza akiba yao, wana haki ya kulia na kudai. Lakini yeye pia ni mvulana wa pili wa mama fulani. Tunaweza kujisafisha bila kumpaka mwingine matope tusiyoyapima. Aliandika basi yeye ni nani, alizaliwa wapi, alisoma nini. Basi.

Ile kazi ya Beni haikurudi; walikuwa wamekwisha kuchukua mwingine. Niliandika barua mpya, safari hii yenye tarehe na kazi alizofanya, na majina yake matatu juu. Ameipeleka mahali pengine na tunangoja jibu. Siwezi kuwaahidi kwamba jibu litakuwa zuri.

Bwana alisema katika Yohana 10 kwamba mchungaji mwema huwaita kondoo wake kila mmoja kwa jina. Mbele zake hakuna mfanano unaomchanganya. Sisi tulio watumishi wake, tujifunze angalau kuuliza "Kambale yupi?" kabla ya kuhukumu. Mimi nimeanza kwa kumwomba msamaha yule niliyembatiza.