Uzio wa Mianzi Ndani ya Mapipa: Stara kwa Mpangaji wa Nangara (Sehemu ya Tatu)

Sehemu mbili zilizopita zilihusu minyaa na michongoma. Nyua hizo zina sharti moja: anayezipanda awe na ardhi. Mnyaa ukishashika haung'oki kwa urahisi, na mwenye nyumba hatamruhusu mpangaji wa vyumba viwili aupande mpakani mwa kiwanja chake. Ukuta wa tofali ndio kabisa, maana hakuna anayejenga ukuta atakaouacha nyuma siku anapohama.

Hata hivyo stara haingoji hati ya kiwanja. Katika kata ya Nangara, kama ilivyo katika sehemu nyingine za mji wa Babati zinazojengwa kwa kasi, nyumba zimesogeleana. Mlango wa jikoni wa huyu unatazama dirisha la yule. Na maisha yetu mengi huendeshwa uani: kupika, kufua, kusuka nywele, kuogesha watoto, kuketi na mgeni jioni. Mama aliyeinamia beseni hapaswi kutazamwa na kila bodaboda apitaye. Naamini jibu linalomfaa mpangaji huyu ni mwanzi uliopandwa ndani ya pipa. Unazuia macho, na siku ya kuhama unapakiwa kwenye gari pamoja na kitanda.

Wengi wakisikia mwanzi huogopa mizizi, na hofu hiyo ina msingi. Mwanzi ni nyasi, ndugu wa mahindi na muwa, na duniani kuna aina zaidi ya 1,400. Zipo zinazotambaa: shina la chini ya udongo hukimbia mbali, likaibukia kwa jirani au chini ya sakafu. Zipo pia zinazokaa kichaka, ambazo shina lake la chini ni fupi na nene, likachipua palepale ubavuni mwa mama yake. Kwa pipa tafuta za kichaka. Bambusa multiplex ndiyo ningeichagua kwanza, kwa sababu fito zake ni nyembamba na majani yake yameshonana tangu chini. Ukiikosa, chukua Bambusa vulgaris, hasa ule wa manjano wenye michirizi ya kijani unaoonekana katika bustani nyingi za Afrika Mashariki. Ardhini huu hupita mita 10. Ndani ya pipa hudumaa, na kudumaa huko ndiko tunakokutaka.

Mianzi miwili ya kwetu haifai kazi hii. Ule wa Iringa na Njombe unaogemwa ulanzi hustahimili ukame kwa kupukutisha majani kiangazi, yaani unakuacha wazi miezi ileile ambayo watu wanakaa nje. Na ule wa milimani, unaoota Meru na Aberdare, umezoea baridi ya mita 2,200 na zaidi. Nangara ni joto mno kwake.

Jambo moja kuhusu ukuaji wa mwanzi linafaa lieleweke kabla ya kununua mche. Chipukizi hutoka udongoni likiwa na unene litakaokuwa nao maisha yake yote. Hupanda kwa miezi michache tu, likafikia kimo chake, kisha likatoa matawi na majani. Halirefuki tena wala halinenepi. Kwa hiyo ukikata ncha ya ufito kwenye mita 2 na nusu, utabaki hapohapo daima na nguvu yake itakwenda kwenye matawi ya pembeni. Mti wa kawaida ungekurudisha na mkasi kila msimu.

Sasa pipa lenyewe. Pipa la lita 200 likikatwa katikati hutoa vyombo viwili vya kipenyo cha sentimita 58 hivi. Uliza kwanza lilibeba nini; lililobeba dawa za mashamba liache. Toboa kitakoni matundu sita au manane yanayopitisha kidole, kisha liinue juu ya matofali ili maji yatoke. Mwanzi hupenda maji lakini mizizi yake huoza ikisimama ndani ya tope. Pipa la chuma hupata moto sana juani, basi lipake chokaa au livishe gunia upande wa magharibi. Epuka chungu chenye shingo nyembamba, kwani siku ya kugawa kichaka utalazimika kukivunja. Weka pipa mahali pake kabla ya kulijaza: nusu pipa lenye udongo uliolowa huzidi kilo 150.

Udongo mtupu wa bustani hugandamana ndani ya chombo. Changanya sehemu mbili za udongo wa juu, sehemu moja ya samadi iliyooza vizuri na sehemu moja ya maganda ya mpunga. Maganda hayo hayako mbali. Kata ya Magugu, hapahapa wilayani Babati, ni nchi ya mpunga. Kwa uzio wa urefu wa mita 6, vyombo sita vya nusu pipa vilivyoachiana nafasi ndogo vinatosha, kwa sababu majani yatakutana juu baada ya misimu miwili hivi.

Nafika kwenye maji, na hapa ndipo mpango huu hufaulu au hufa. Mvua za Babati huanza Novemba na kuisha Mei hivi. Kuanzia Juni hadi Oktoba mwanzi wa ardhini hutafuta unyevu chini. Wa ndani ya pipa hauna pa kuutafuta. Hutegemea mkono wako peke yake. Kiangazi kikikolea, usikae zaidi ya siku mbili bila kuupa kila chombo ndoo ndogo ya lita 10, na siku za upepo mkali upe kila jioni. Majani yakianza kujikunja kama sigara, mwanzi una kiu. Ukisubiri yakauke umechelewa.

Asiye na maji ya kutosha atumie ya suuza ya mwisho ya nguo au ya kuoshea mboga. Maji ya kwanza yenye sabuni nyingi ya unga, au yenye dawa ya kung'arishia nguo, yamwagwe kwingine, kwa kuwa chumvi zake hurundikana ndani ya chombo. Majani yanayoanguka usiyafagie kutoka ndani ya pipa. Yanatunza unyevu na kuurudishia mwanzi madini ya silika uliyoyatumia. Ila fagia yale yaliyoanguka chini nje, ili wadudu na nyoka wasipate pa kujificha.

Kila mwaka, kabla ya mvua, ondoa fito zilizopita miaka mitatu. Zitashikilia nyanya na maharage yako. Wilaya ya Babati inajua thamani ya fito: mwaka 1994 vijiji vya Duru-Haitemba vilianza kulinda vyenyewe msitu wao wa miombo, na mfano wao ukafuatwa kwingi nchini. Kila uzio usiohitaji fito za porini unauongezea msitu pumzi. Baada ya miaka mitatu hadi mitano mizizi hujaza chombo. Hapo kitoe kichaka, kigawe vipande kwa msumeno au shoka, rudisha kimoja na vingine mpe jirani.

Nisimdanganye msomaji. Mianzi hii ni pazia, haimzuii mwizi. Mbuzi huipenda sana, basi penye mifugo inayozurura izungushie mianzi wavu hadi ishike. Na mwenye kiwanja chake kikubwa, asiye na bomba karibu, nasisitiza apande minyaa ya sehemu ya kwanza, akiwachunga watoto na utomvu wake unaounguza macho. Mwanzi wa pipani ni wa mwenye eneo dogo, ndoo ya maji na nia ya kuitumia.

Anayetaka kupanda Novemba aanze sasa kukusanya mapipa na kuozesha samadi. Azungumze pia na mwenye nyumba mapema, hata kama haachi kitu ardhini. Sehemu ijayo itaeleza namna ya kuotesha miche kwa vipande vya fito vyenye vifundo, ili usilazimike kununua yote sita.