Fahamu: “Mfumo haujasoma” maana yake nini?
Mkulima wa kahawa wa Bugomora, wilayani Kyerwa, mkoani Kagera, huuza mavuno yake kupitia chama cha msingi cha ushirika, AMCOS. Juu ya AMCOS kuna chama kikuu, KDCU, na siku hizi kahawa ya Kagera hunadiwa kidijitali kwa mfumo wa Soko la Bidhaa Tanzania, TMX.

Akifuatilia malipo, huenda akajibiwa: “Mfumo haujasoma.”

Jibu hilo halimsaidii. Mtandao umekatika? Taarifa zake hazijaingizwa? Au benki haijakamilisha muamala? Kila tatizo lina mtu wake wa kuulizwa. Huduma ya pesa kwa simu ya M-Pesa, iliyoanza nchini mwaka 2008, nayo ilikuja na lugha ngeni, lakini wakala alikuwepo dukani kumwelekeza mteja hatua kwa hatua. Mkulima anastahili maelezo ya namna hiyo: “Namba ya akaunti yako imekosewa tarakimu moja, lete kadi ya benki tusahihishe.”