Kabla Hujalipia Sahani Omurushaka au Nkwenda

New York, tangu 2010, mgahawa hubandika dirishani herufi A, B au C iliyotolewa na wakaguzi wa afya. Mteja anasoma, anaingia au anapita. Omurushaka, wilayani Karagwe, unashuka kwenye basi na njaa yako, na historia ya ukaguzi unaitafuta mwenyewe. Bahati nzuri, sehemu yake huwa imetundikwa nyuma ya kaunta.

Anza na tarehe za vyeti. Mpishi na mhudumu wanatakiwa kupimwa afya kila baada ya miezi sita, kwa hiyo cheti cha mwaka juzi hakikusaidii. Ukikuta cheti cha TFDA, mamlaka ya zamani ya chakula na dawa, ndani ya fremu, hilo ni pambo: tangu Julai 2019 masuala ya chakula yako kwa Shirika la Viwango (TBS). Anayeingia jikoni hasa ni bwana afya wa halmashauri. Uliza alipita lini. Asiye na la kuficha hajibu kwa kununa.

Sasa bei. Tuseme mama lishe anauza katogo ya ndizi na maharage kwa 2,000, na hoteli yenye vigae inataka 5,000 kwa wali na nyama. Mimi ningekaa kwenye benchi la mama lishe, kwa sharti kwamba sufuria inatokota. Ndizi na maharage yanayopakuliwa jikoni yakifuka moshi ni salama kuliko wali wa asubuhi ulioshinda kwenye kabati la vioo. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa mbili bila kuwekwa kwenye baridi, na cha kuliwa moto kizidi nyuzi 60. Wali ukiwa vuguvugu, omba upashwe au inuka. Vigae haviui vijidudu.

Udhaifu wa mama lishe ni maji. Kama sahani zote zinaoshwa kwenye beseni moja, na kachumbari nayo imepitia humo, kula maharage, kachumbari iache. Hapa hoteli inaweza kushinda, mradi bomba lake linatoa maji. Lifungue uone, mabomba mengine ni ya kutazama tu.

Nyama choma ni fedha nyingi kwa mara moja, basi angalia paja linaloning'inia buchani kabla halijakatwa. Halina muhuri wa mkaguzi? Agiza ndizi.

Bei ya ubaoni nayo si ya mwisho. Kuna maji ya chupa, mboga ya kuongeza, kifungashio, na makato ukilipa kwa simu. Murongo, mpakani na Uganda, ukitoa shilingi ya huko, uliza kwanza wanaihesabuje, maana chenji ndiyo inayokula nafuu yako.

Anayekula kila siku ya kazi apige hesabu: tofauti ya 3,000 kwa siku 26 ni 78,000. Lakini usilipe mwezi mzima kwa mkupuo. Lipa kwa wiki, ili jiko likianza kulegea usafi uhame bila kudaiana.

Ukiumwa tumbo na una shaka na mgahawa, mtaarifu bwana afya wa halmashauri mapema. Kyerwa ina halmashauri yake tangu ilipotengwa na Karagwe mwaka 2012, hivyo aliyekula Nkwenda asipoteze nauli kwenda kulalamika Kayanga, makao makuu ya Karagwe.