Daktari wa Watu na wa Mifugo Waketi Darasa Moja

Ulipokula nyama choma juzi, ulijiuliza mbuzi yule alitoka wapi? Huenda alipitia soko la mifugo la Garissa, mojawapo ya masoko makubwa ya mifugo Afrika Mashariki. Kwa hivyo haya nitakayokueleza leo yanakuhusu hata ukiwa mjini.

Mwishoni mwa 1997, mvua za El Niño zilipofurika, watu wa Garissa walianza kufa kwa homa iliyoandamana na kutokwa na damu. Mifugo nayo ilikufa kwa wingi. Ilithibitishwa kuwa ni Homa ya Bonde la Ufa, ugonjwa wa virusi uliotambuliwa mara ya kwanza karibu na Naivasha mnamo 1931. Watafiti walikadiria kuwa watu wapatao 27,500 waliambukizwa katika wilaya ya Garissa pekee. Ugonjwa ulirejea Desemba 2006, na kufikia Machi 2007 watu zaidi ya 150 walikuwa wamekufa nchini.

NANI ALIJUA KWANZA?

Mayai ya mbu wanaoeneza virusi hivi huweza kukaa ardhini kwa miaka yakingoja mafuriko. Mbu huwauma mifugo, kisha binadamu huambukizwa na mbu, au kwa kugusa damu na mimba zilizotupwa na wanyama wagonjwa.

Wafugaji wa Kaskazini Mashariki wayajua haya. Wasomali huuita ugonjwa huo sandik, yaani pua itokayo damu. Walipohojiwa baada ya mlipuko wa 2006, walieleza kuwa tangu mnyama wa kwanza kuugua hadi mtu wa kwanza kuugua zilipita siku kama 17. Tangu mtu huyo kuugua hadi huduma za matibabu kufika, ulipita zaidi ya mwezi mmoja.

Siku 17 za onyo zilitupita hivi hivi! Sababu moja ni jinsi tunavyofunzwa. Mimi nilifundishwa kumuuliza mgonjwa habari za kichwa, tumbo na choo. Sikufundishwa kumuuliza habari za mbuzi wake, wala sikuwahi kuketi darasani na mwanafunzi wa utabibu wa mifugo.

TIBA NI KUSOMA PAMOJA

Shirika la Afya Duniani lilihimiza mwaka 1988, na tena 2010, kuwa wanafunzi wa fani mbalimbali za afya wajifunze pamoja ili baadaye wafanye kazi pamoja. Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, kilipoanza kufunza madaktari, kiliweka katika masomo yao muda wa kwenda kujifunza miongoni mwa jamii. Garissa nayo ina chuo cha mafunzo ya utabibu, KMTC.

Hebu fikiria zoezi la siku moja huko. Wameketi wanafunzi wa uuguzi, utabibu, maabara, afya ya umma na mifugo, na mfugaji mzee pamoja nao. Wanapewa kisa cha mchungaji mwenye homa na maumivu ya viungo. Wa utabibu asema ni malaria. Wa maabara asema damu haina vijidudu vya malaria. Wa mifugo auliza, "Je, kondoo wake wametupa mimba?" Wa afya ya umma auliza kama kuna majirani wanaougua. Mzee naye awaambia mbu walianza lini. Kila mmoja ana kipande. Ugonjwa huonekana vipande vikiunganishwa.

KWAKO MSOMAJI

Nunua nyama yenye mhuri wa mkaguzi na uipike mpaka iive. Chemsha maziwa. Usiguse kwa mikono mitupu mnyama aliyekufa wala mimba iliyotupwa. Lala ndani ya chandarua. Wengi wanaoambukizwa hupona, lakini wachache huvuja damu, huharibika ini au hupoteza uwezo wa kuona. Ukishikwa na homa baada ya kuchinja, kukama au kuzuru maeneo ya mafuriko, mwambie daktari hata asipokuuliza.

Na kama una mtoto anayesomea udaktari au uuguzi, muulize kama amewahi kusoma meza moja na wa mifugo. Akisema hapana, mwambie aanze kumtafuta. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa.