Siku Kumi na Nne za Teddy McCarthy

Ukizipitia kwa kidole orodha mbili za zamani za wachezaji wa kaunti ya Cork, kusini mwa Ayalandi, kuna jina moja litakalokusimamisha. Orodha ya kwanza ni ya kikosi kilichoingia uwanja wa Croke Park, Dublin, Jumapili ya 2 Septemba 1990, kucheza fainali ya Ayalandi nzima ya harlingi. Ya pili ni ya kikosi kilichoingia uwanja huohuo Jumapili ya 16 Septemba, kucheza fainali ya kandanda ya Kigaeli. Makocha si walewale, wapinzani si walewale, hata mchezo wenyewe ni mwingine. Lakini katika wale 15 wa siku ya kwanza na wale 15 wa siku ya pili yumo mtu mmoja: Teddy McCarthy.

Cork ilishinda siku zote mbili. Mpaka leo hakuna mwanamume mwingine aliyeshuka uwanjani katika fainali zote mbili za wakubwa ndani ya mwaka mmoja na kutoka na medali zote mbili.

Waswahili tunasema mshika mbili moja humponyoka, na tunaisema methali hiyo kwa watoto wetu kama onyo. Huyu alishika mbili kwa siku 14, mbele ya umati wa zaidi ya watu 60,000 kila mara, wala hakulipwa mshahara. Chama cha GAA, kilichoanzishwa mwaka 1884 katika mji wa Thurles, kinasimamia michezo hiyo yote miwili kwa kanuni ya ridhaa. Mchezaji huchezea kaunti yake, na Jumatatu anarudi kazini kama watu wengine.

Kwa asiyeijua michezo hii: harlingi ni mpira wa magongo wa Kiayalandi, ila gongo lake lina ubapa mpana na mpira unaruhusiwa kupaa, tena hupaa sana. Kandanda ya Kigaeli huchezwa kwa mikono na miguu. Yote miwili huchezwa kwenye uwanja wa aina moja, wenye milingoti mirefu ya umbo la herufi H. Mwaka 1990, ukipitisha mpira juu ya mtambaapanya ulipata alama moja. Ukiupitisha chini yake, wavuni, ni bao, nalo lina thamani ya alama tatu. Fainali huchukua dakika 70.

Kwa mbali, basi, ni ndugu wawili wa tumbo moja. Utofauti wao unauona mpira unapokuwa hewani, na hapo ndipo McCarthy alipojipatia jina.

Chukua kwanza mpira wa harlingi. Ni wa ngozi, mgumu, umeshonwa kwa mshono ulioinuka ambao vidole huusikia. Ukubwa wake unauzidi kidogo tu mpira wa tenisi, na uzito wake ni kati ya gramu 110 na 120, sawa na mayai mawili ya kuku. Ukitoka kwenye gongo la kipa unakuja kwa kasi ambayo jicho linaufuata kwa taabu. Chini yake wanasubiri wanaume wawili watatu, kila mmoja na gongo lake, na kila gongo linaelekea palepale mpira utakapotua. Mwaka 1990 kofia ngumu hazikuwa za lazima. Anayetaka kuudaka anapeleka mkono mtupu katikati ya magongo hayo. Kanuni ya wazoefu ni kwamba mkono uinuke mwisho kabisa. Ukiunyoosha mapema, umempa mwenzako shabaha. Gongo lako unalolishika kwa mkono mwingine linakuwa ngao ya vidole. Unaruka kutoka mahali padogo, umebanwa, bila nafasi ya kukimbia, na mkono unafunguka na kufunga kwa kufumba na kufumbua.

Sasa chukua ule wa kandanda. Unakaribia nusu kilo, zaidi ya mara nne ya uzito wa ule mdogo. Huu unadakwa kwa mikono miwili, na mdakaji mzuri huanza safari yake mbali: hatua tatu nne za kukimbia, goti moja linatangulia juu, mwili mzima unafunguka, kifua wazi. Hakuna gongo la kukuvunja vidole. Kuna mabega, viwiko na uzito wa mtu mzima anayekujia kutoka ubavuni wakati wewe umeshaiacha ardhi na huna pa kushika. Mkono ambao wiki iliyopita ulifundishwa kuchelewa, leo unatakiwa kuwahi.

Hiki ndicho kitu kilichomng'ang'ania mwandishi wa makala haya. Watu husifu mapafu ya mchezaji wa michezo miwili, husifu miguu yake, husifu moyo wake. Ni nadra kusikia sifa ya saa iliyomo mwilini mwake. McCarthy alikuwa na saa mbili. Hakuwa jitu la kutisha kwa kimo, lakini aliporuka alionekana kubaki kule juu kitambo kuliko wenzake, na watu wa Cork waliompenda walimpendea hilo kuliko mabao. Alilifanya kwa mkono mmoja katika mchezo huu, na kwa miwili katika ule.

Alizaliwa mwaka 1965, na makuzi yake ni ya Glanmire, nje kidogo ya jiji la Cork. Eneo hilo lina klabu mbili ambazo kwa mgeni zinaonekana kama moja: Sarsfields kwa wapenzi wa harlingi, Glanmire kwa wapenzi wa kandanda. Mtoto wa pale haambiwi achague. Jioni moja anabeba gongo, jioni inayofuata analiacha nyumbani. Cork yote iko hivyo kwa kiasi fulani, kwa sababu kaunti nyingi za Ayalandi ni hodari kwa mchezo mmoja tu, ilhali Cork ina kiu ya yote miwili. Hata vikombe vyenyewe vina damu ya huko. Sam Maguire, ambaye kombe la kandanda lina jina lake, alitoka upande wa Dunmanway, magharibi mwa kaunti hiyo. Liam MacCarthy wa kombe la harlingi alizaliwa London kwa baba aliyetoka Cork.

Mlango aliouingilia McCarthy hauingiliwi na wengi. Mechi yake ya kwanza kabisa ya ubingwa katika harlingi ya wakubwa ilikuwa fainali yenyewe, Septemba 1986, dhidi ya Galway. Ana miaka 21. Cork ikashinda kwa mabao 4 na alama 13 dhidi ya mabao 2 na alama 15. Katika kikosi hicho alikuwamo Jimmy Barry-Murphy, aliyewahi kutwaa ubingwa wa kandanda mwaka 1973 kabla ya kuvuna medali kadhaa za harlingi. Ile ilikuwa mechi yake ya mwisho ya ubingwa. Mchezaji mmoja wa michezo miwili alikuwa anatoka, mwingine anaingia, katika alasiri moja, wamevaa jezi moja nyekundu.

Kwenye kandanda mambo yalikuwa machungu zaidi. Cork ilifungwa na Meath katika fainali ya 1987. Mwaka 1988 zikatoka sare, zikarudiana, Meath ikashinda kwa alama moja. Mwaka 1989 Cork ikaifunga Mayo na kombe likaenda kusini. Ndipo ukaja 1990.

Ile fainali ya harlingi ilikuwa vita. Kevin Hennessy alifunga bao kabla dakika ya kwanza haijaisha, lakini Galway ikaamka, ikaongoza, na mapema katika kipindi cha pili pengo lilikuwa alama saba. Kipa wa Cork, Ger Cunningham, aliokoa shuti moja kwa uso wake. John Fitzgibbon akafunga mabao mawili mwishoni. Ilipopulizwa filimbi ya mwisho, ubao ulisomeka Cork mabao 5 na alama 15, Galway mabao 2 na alama 21. Ukipiga hesabu, ni 30 kwa 27. Nahodha Tomás Mulcahy akainua kombe.

Wenzake wengi wa kikosi hicho walikuwa wamemaliza mwaka. McCarthy alikuwa amefika katikati. Kutoka mikononi mwa padri Michael O'Brien, kocha wa harlingi, akahamia mikononi mwa Billy Morgan, kocha wa kandanda, ambaye mwaka 1973 alikuwa kipa na nahodha wa mabingwa. Mbele yao walikuwa tena Meath, walewale waliowaliza mara mbili. Kabla ya mapumziko mshambuliaji wa Cork, Colm O'Neill, akatolewa nje kwa kumpiga mlinzi Mick Lyons. Wakabaki 14. Nahodha Larry Tompkins akaumia vibaya goti, kano ikakatika, akaendelea kucheza. Shea Fahy akatawala hewa na kufunga alama zake. Hakukuwa na bao hata moja siku hiyo: Cork 11, Meath 9.

Kaunti kubeba makombe yote mawili mwaka mmoja ni jambo lililokuwa halijaonekana tangu Tipperary ilipofanya hivyo mwaka 1900. Miaka 90.

Hapa kuna swali ambalo si rahisi kulimaliza. Katika kikosi cha harlingi cha 2 Septemba alikuwamo pia mlinzi Denis Walsh. Wiki mbili baadaye alikuwa miongoni mwa wachezaji wa akiba wa kandanda, ila hakuingizwa. Alikaa benchi dakika 70 akiwa tayari kuitwa. Vitabu vinamtaja McCarthy peke yake, na kwa kigezo cha kushuka uwanjani viko sahihi. Lakini je, mwili wa Walsh haukubeba msimu uleule? Mstari unaomtenga mtu mmoja na historia ulichorwa na kocha aliyekuwa anawaza mechi, wala si kumbukumbu. Inauma kidogo kuliandika hilo, na hata hivyo ni lazima liandikwe.

Kuna lingine. Sarsfields, klabu iliyomlea McCarthy katika harlingi, haikutwaa ubingwa wa wakubwa wa Cork kati ya 1957 na 2008. Mwaka 1989 ilifika fainali ikafungwa na Glen Rovers. Kwa hiyo mtu aliyekuwa bingwa wa nchi nzima mara mbili kwa gongo, na mara mbili kwa kandanda, aliicheza miaka yake yote bora bila kuiona klabu ya nyumbani ikiwa bingwa wa kaunti. Kwa Waayalandi, ambao klabu kwao ni kijiji, ni shule na ni kaburi la babu, hilo si jambo dogo.

Wapo waliokaribia. Jack Lynch, aliyekuja kuwa waziri mkuu wa Ayalandi, alitwaa medali sita katika miaka sita mfululizo, 1941 hadi 1946, lakini ile moja ya kandanda, ya 1945, ilikuja mwaka ambao hakupata ya harlingi. Seán Óg Ó hAilpín, mtoto wa mama kutoka visiwa vya Fiji, ndiye aliyekaribia kuliko wote. Tarehe 12 Septemba 1999 alishinda fainali ya harlingi kwa alama moja dhidi ya Kilkenny. Siku 14 baadaye, tarehe 26, Meath ikaifunga Cork kwenye kandanda kwa tofauti ya alama tatu.

Wanawake wamelifanya zaidi ya mara moja. Rena Buckley na Briege Corkery wa Cork, kila mmoja, wana medali 18 za ubingwa wa Ayalandi, 11 za kandanda na 7 za kamogi, yaani harlingi ya wanawake. Mwaka 2014 na 2015 walitwaa zote mbili. Buckley aliwahi kuwa nahodha wa mabingwa wa kandanda mwaka 2012, kisha wa kamogi mwaka 2017. Anastahili makala yake mwenyewe, tena ndefu.

Kwa wanaume, njia imezibwa. Tangu 2018 harlingi ya mikoa huchezwa kwa mfumo wa makundi, wikiendi kwa wikiendi, na kandanda inazitaka wikiendi hizohizo. Makocha wanataka mchezaji mazoezini mara nne tano kwa wiki, jimu ikiwamo. Kijana mwenye vipaji viwili huitwa pembeni akiwa na miaka 18 au 19 na kuambiwa aamue. Wengi wanaamua, na hakuna anayeweza kuwalaumu. Lakini nani alipima kilichopotea? Ni vijana wangapi wa Glanmire wenye saa mbili mwilini walioambiwa waisimamishe moja?

Teddy McCarthy alifariki dunia tarehe 6 Juni 2023, akiwa na miaka 57. Rekodi za fainali zake mbili bado zipo kutazamwa. Ukizipata, anza na ile ya 2 Septemba, kisha ya 16, na usimfuate mwenye mpira. Subiri mpira upae, umtafute yeye, utazame mikono yake.