Seyyid Khalifa bin Harub na Vita Viwili Vikuu

Katika Masultani waliotawala Unguja baada ya Seyyid Said bin Sultan, hapana aliyedumu katika kiti kama Seyyid Khalifa bin Harub, wala mwingine aliyepitiwa na vita vikuu vyote viwili. Naye hakuwa na jeshi wala hazina mkononi mwake. Nguvu aliyobakiwa nayo ni neno lake, na habari za maisha yake zaonyesha uzito wa neno hilo, na mpaka wake.

Alizaliwa Maskati tarehe 26 Agosti, 1879, mjukuu wa Seyyid Thuwaini bin Said. Alifika Unguja mwaka 1893, akamwoa Seyyida Matuka, binti wa Sultani Hamud bin Muhammed. Shemeji yake, Seyyid Ali bin Hamud, alipojiuzulu mwezi wa Desemba, 1911, yeye ndiye aliyeshika mahali pake. Nchi ilikuwa chini ya himaya ya Uingereza tangu 1890, na serikali ikiendeshwa na Waingereza.

Alfajiri ya tarehe 20 Septemba, 1914, manowari ya Kijerumani Königsberg, iliyotoka Rufiji, iliipiga mizinga manowari ya Kiingereza Pegasus bandarini, mbele ya Mji Mkongwe, hata ikazama. Mwezi wa Novemba Sultani wa Uturuki, aliyehesabiwa na Masunni wengi kuwa ndiye Khalifa wa Waislamu, akatangaza jihadi juu ya Waingereza na wenzao. Hapo ndipo penye mtihani. Seyyid Khalifa alikuwa Ibadhi, na Maibadhi hawakuufuata ukhalifa wa Istanbul. Lakini Waislamu wengi wa nchi yake walikuwa Masunni wa madhehebu ya Shafii. Akawausia Waislamu wa Afrika ya Mashariki wawe upande wa Waingereza, na Unguja ikatulia.

Yawezekana kusemwa kwamba hakuwa na hiari, maana kiti chake kilikuwa mikononi mwa Waingereza. Ni kweli, lakini kutii ni jambo moja, na kusikilizwa na watu ni jingine.

Vita vya pili havikumtaka achague tena baina ya mwito wa dini na himaya. Taabu ya miaka hiyo ilikuwa zaidi ya chakula, kwani mchele wa Burma ulikatika mwaka 1942.

Alifariki tarehe 9 Oktoba, 1960. Kiti kilirithiwa na mwanawe, Seyyid Abdullah, kisha na mjukuu wake, Seyyid Jamshid, aliyepinduliwa tarehe 12 Januari, 1964. Heshima iliyolipa neno la Seyyid Khalifa uzito wake haikurithiwa pamoja na kiti.